Mwantumu wa Matangini

Mwantumu binti Sefu hakuwahi kuiogopa mvua mpaka baada ya kuolewa na Abasi. Alipokuwa mtoto, mvua ilikuwa habari njema. Mama yake, Mchagga wa Kibosho aliyeshuka mjini Moshi na kusilimu ili aolewe na fundi mwashi, akisikia ngurumo za mlimani alikuwa anatoka uani, anainua uso na kutabasamu, maana alijua kaka zake kule juu wanashukuru: kahawa itachanua, migomba itanenepa. Baba yake, aliyekuwa na asili ya Umanyema, siku hizo hakwenda kujenga. Alishinda nyumbani akipiga soga, na wote walikula mtori wa ndizi wa moto wamezunguka jiko.

Abasi alikuwa kuli wa stesheni, mtu mrefu mwenye maneno machache. Vita vya Hitler vilipokwisha, mji ukaanza kupanuka, na ofisi ya mji ikalaza mabomba ya majitaka kutoka nyumba za maofisa na maduka ya barabara kuu. Abasi akaandikwa kibarua wa kuchimba mitaro. Kazi ilipokwisha wenzake wakaachishwa, yeye akaambiwa abaki kuwa mwangalizi wa mahali mabomba yote yalipoishia, chini ya mji, ukingoni mwa Mto Rau. Akapewa nyumba ya bati yenye vyumba viwili, koleo, reki, koti la mvua na maagizo. Watu wakapaita Matangini.

Abasi mwenyewe wakamwita topasi, jina la wale waliokuwa wakibeba ndoo za vyoo vya mjini. Jina hilo likamfuata na mkewe. Binamu yake Sikudhani alipoolewa, Mwantumu aliamka mapema akapika vitumbua, sinia zima, akavipeleka harusini. Hakuna aliyemwambia neno baya. Wakati wa kuondoka alirudishiwa sinia lake limefunikwa vizuri, kama vile alikuwa amelisahau, na vitumbua vyote vilikuwa ndani. Aliporudi nyumbani aliwamwagia kuku. Tangu siku hiyo akawa mzito wa kwenda kwenye shughuli za watu, na binti yao wa pekee, Sophia, alipopata mume wa Arusha, Mwantumu alifurahi kwamba mtoto ataishi mahali ambapo hakuna anayejua kazi ya baba yake.

Abasi hakuyajali sana hayo. Alikuwa na namna yake ya kuipenda kazi ile, na wiki ya kwanza tu alimtembeza mkewe kama mtu anayeonyesha shamba lake.

"Maji yanaingilia hapa," alimwambia. "Nondo hizi zinazuia matambara na vijiti na kila takataka ambayo mtu akishaitumbukiza anadhani imepotea duniani. Halafu yanaingia tangini, yanatulia. Kilicho kizito kinazama, kinakuwa tope. Yale ya juu ndiyo yanakwenda kule kwenye mawe."

Mawe hayo yalikuwa meusi, yenye vitundu, ya volkeno ya mlima wenyewe, yamejazwa katika shimo pana lililojengewa. Maji yalisambazwa juu yake kwa vijifereji, yakachuruzika mpaka chini, kisha yakapita kwenye mtaro wa majani kabla ya kuingia mtoni. Kila asubuhi Abasi alikinga maji ya mwisho kwenye bilauri, akaiinua juani. Yakiwa meupe kiasi cha kuona vidole vyake upande wa pili, alikwenda kunywa chai akiwa na raha.

Mwaka ule wa kwanza Mwantumu alimkosea bila kujua. Aliyaona mawe yana utelezi wa kijani, wa kuchukiza, akasema mume wangu anachoka, acha nimsaidie. Akachukua burashi na maji ya jivu akasugua pembe nzima mpaka mawe yakang'aa. Abasi alipokuja akashika kichwa.

"Mama Sophia, umewaua!"

"Nimewaua akina nani?"

"Huo utelezi ndio wafanyakazi wangu. Una vidudu vidogo usivyoviona, ndivyo vinavyokula uchafu. Jiwe safi halisafishi maji. Sasa tungojee mpaka vizaliwe vingine."

Kwa muda upande ule wa mawe ukatoa maji mabaya, na Mwantumu akawa anaamka na kwenda kuutazama mwenyewe, mpaka utelezi uliporudi. Hapo ndipo alipoanza kuijua kazi ya mumewe, na pamoja na kuijua, kuiogopa. Maana chini ya pale, umbali wa kusikia mtu akiita, palikuwa na kivuko cha mawe ambapo watu wa mashamba ya bondeni walichota maji ya kunywa. Walichota hapo tangu kabla ya mabomba, na hawakuwa na pengine karibu.

Mmoja wao alikuwa Dominika, mjane wa Kibosho aliyeshuka bondeni kulima mahindi na maharage baada ya kihamba, shamba la migomba la marehemu mumewe, kuchukuliwa na mashemeji. Aliishi huko na mkwewe Flavia na mjukuu wake Kornel, mtoto wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza anakimbia. Mume wa Flavia alikuwa kibarua katika mashamba ya mkonge, harudi ila mara chache. Siku moja Dominika alipita Matangini kuomba moto, akamsikia Mwantumu akisema Kikibosho cha mama yake, kibovu kibovu, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akawa anapita kila alipokwenda sokoni. Alileta maziwa kwenye kibuyu, na alipokaribishwa chakula alinawa mikono akala, akaomba na ukoko. Mwantumu alimwita dada. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwita hivyo.

Sasa, kabla ya tangi palikuwa na lango la chuma lenye gurudumu la kuzungusha. Likifunguliwa, majitaka yalipita pembeni, hayaingii tangini wala hayagusi mawe, yanakwenda mtoni vilevile kama yalivyotoka mjini. Lilijengwa kwa ajili ya siku ya kuzoa tope au kufanya matengenezo, na amri ilikuwa moja: halifunguliwi ila Bwana Afya ametamka, na Bwana Afya hatamki mpaka watu wa bondeni wameambiwa. Bwana Afya mwenyewe alikuwa Filemon, kijana wa Machame aliyesomeshwa na misheni ya Kilutheri, mwenye baiskeli nyeusi na kofia ya jua. Alikuwa mkali juu ya kazi, lakini hakupita pale bila kumwambia Mwantumu shikamoo mama.

Masika moja, mwaka wa pili baada ya Malkia wa Kiingereza kutawazwa, mambo yakaharibika. Bei ya kahawa ilikuwa nzuri, mjini nyumba mpya zilichipuka kila upande, na mabomba yake yote yakaletwa kwenye tangi lilelile moja. Kibaya zaidi, wenye nyumba wengine walikuwa wameunganisha na mifereji ya mapaa yao kwa siri, kwa hiyo mvua ikinyesha, maji ya mvua nayo yalikuja Matangini. Ukuta wa tangi wa upande wa mtoni ukapata ufa. Abasi aliuziba kwa saruji, ukafumuka. Akamwonyesha Filemon, naye akauangalia kwa muda mrefu akasema ameshaomba tangi la pili, ameambiwa asubiri mwaka ujao.

"Ukuta nao umeambiwa usubiri?" Abasi aliuliza.

Filemon hakucheka. "Mzee Abasi, uangalie kila siku. Ukiona umezidi, njoo unikute popote nilipo."

Lakini Abasi aliugua. Ilianza kama mafua ya kawaida, kisha kikawa kikohozi kinachomkunja, kisha homa iliyomfanya atetemeke kitandani hata jua likiwa kali. Mwantumu alitaka kumpeleka hospitali, akakataa. Mwaka uliopita mwangalizi wa machinjioni aliugua, na alipopona alimkuta mtu mwingine ameshika funguo zake.

"Usimwambie mtu," alisema kwa shida. "Siku mbili tatu nitainuka. Wewe safisha nondo tu. Nondo zikiziba, tumekwisha."

Basi Mwantumu akavaa koti la mumewe, mikono ameikunja, akashika reki. Alivuta matambara, manyoya ya kuku, magunzi, akayafukia shimoni. Kila baada ya muda alikimbia ndani kumpa Abasi maji na kumgeuza ubavu, kisha akakimbia nje kuutazama ufa. Alikuwa ameweka alama ya mkaa pale ulipoishia. Asubuhi alama ilikuwa mwisho wa ufa. Saa sita ufa ulikuwa umeipita alama kwa upana wa kiganja, nao ulikuwa unatoa jasho. Aliyapapasa maji yale kwa kidole, akainua macho. Juu mlima haukuonekana. Wingu lilikuwa limeufunika wote kuanzia msituni, jeusi, na ngurumo zilikuwa zinaviringika ndani yake bila kukoma.

Mvua iliponyesha haikuanza kwa matone. Ilimwagika. Muda si muda mdomo wa bomba ukaanza kunguruma, maji yakaja ya rangi ya udongo, mengi kuliko alivyowahi kuyaona, yamebeba majani, makopo na kandambili ya mtu. Alifanya kazi na reki mpaka mikono ikafa ganzi. Nondo zilikuwa wazi, lakini tangi lilizidi kupanda. Upande wa pili mto nao ulikuwa umejaa, umefunika kinywa cha mtaro wa majani, kwa hiyo maji ya kutoka hayakuwa na pa kwendea. Kutoka kwenye ufa, jasho lilikuwa limegeuka kijito chembamba, na kijito kilikuwa kinatoa vipande vya saruji.

Akakimbia ndani. "Baba Sophia! Ukuta unakwenda. Nifungue lango la pembeni?"

Abasi alifumbua macho yaliyojaa homa. "Treni ya Tanga imeshafika?" akamuuliza.

"Abasi! Lango! Nifungue?"

"Waambie wateremshe magunia ya pembeni kwanza," alisema, akageukia ukutani.

Mwantumu alisimama mlangoni akatazama njia ya kwenda mjini. Ilikuwa mto wa matope. Mpaka amfikie Filemon, kama yuko, na mpaka warudi, ukuta ungekuwa umelala, na tope la mwaka mzima pamoja na mawe vingekuwa vimesombwa mpaka kivukoni kwa mkupuo mmoja. Akilifungua lango, uchafu wa leo utapita, basi, na mto uliojaa utauchukua. Lakini utapita mbichi, na kule chini kuna mitungi, kuna Dominika, kuna mtoto. Na hakuna aliyetamka. Alijisikia kama mtu anayetakiwa kuchagua mkono upi ukatwe.

Akaenda kwenye lango. Gurudumu lilikuwa limeshikwa na kutu, halikutikisika. Akachukua mtaimbo akaupitisha kati ya vyuma, akaegemea kwa kifua. Hamna. Akapanda juu ya mtaimbo kwa miguu yote miwili, akining'inia kwenye nguzo, na chuma kikalia kilio kirefu, kikasogea. Maji yakasikia njia. Yakageuka kwa nguvu yakashuka mferejini, na harufu ikapanda hata ndani ya mvua ile. Alitazama ukuta. Maji ya tangini yaliacha kupanda. Kijito cha ufa kikapungua taratibu, kikarudi kuwa jasho.

Hakungoja zaidi. Alikunja kanga akashuka ukingoni mbio, akianguka na kuinuka.

"Msichote!" alianza kupiga kelele kabla hajaona mtu. "Jamani, msichote maji!"

Kivukoni hapakuwa na mtu. Akapitia nyumba moja baada ya nyingine, akawaambia kingeni maji ya mvua kwenye paa, yachemsheni, ya mtoni msiyaguse hata kuoshea vyombo. Wengine walishukuru. Mzee mmoja alimtazama koti lake akafunga mlango. Nyumba ya Dominika ilikuwa ya mwisho. Flavia alikuwa barazani anasonga ugali, na Kornel amekaa kwenye mkeka na kikombe cha bati mikononi. Mtungi pembeni ulikuwa umejaa.

"Hayo maji umeyachota saa ngapi?" Mwantumu aliuliza, hana hata pumzi ya kusalimia.

"Mvua ilipoanza kuwa kubwa. Kwa nini, mama?"

Mwantumu alijaribu kukumbuka. Mvua ilipoanza kuwa kubwa alikuwa kwenye nondo, au alikuwa ndani na Abasi, au mtaimbo ulikuwa tayari mikononi. Yote yalikuwa yamechanganyika kichwani mwake. "Yamwage," akasema. "Yamwage yote. Nimefungua lango la majitaka, ukuta ulikuwa unaanguka."

Flavia alimpokonya mtoto kikombe. Kilikuwa kitupu. Akaupiga mtungi teke ukabingirika mpaka uani, na uso wake ukabadilika.

"Mnatunywesha mavi ya mjini!" alisema. "Wao wana bomba, wana vyoo vya kuvuta mnyororo, sisi ndio wa kunywa! Na wewe unayekula na mama kila siku, ndiwe uliyefungua!"

"Flavia, mwanangu..."

"Usiniite mwanao."

Dominika alikuwa amesimama mlangoni, ameshika rozari. Mwantumu alimtazama akingojea aseme neno. Dominika alisema, "Yesu na Maria," kwa sauti ndogo, akamchukua mjukuu wake akaingia naye ndani.

Mvua ilipokatika, Mwantumu alilifunga lango, akaenda mjini kama alivyo, amelowa, ananuka. Filemon alimkuta barabarani, kwani naye alikuwa anashuka na baiskeli kuja kuangalia. Siku hiyo hapakuwa na shikamoo. Mwantumu akamweleza yote.

"Mzee Abasi anaumwa tangu lini? Na mimi sikuambiwa?"

"Aliogopa, Bwana Afya. Wote tuliogopa."

Filemon akashuka mpaka Matangini, akaukagua ukuta, akapitisha mkono kwenye ufa wote. Kisha akaingia alipolala Abasi, akasikiliza pumzi yake mara moja tu, akatoka kutafuta gari. Jioni hiyo Abasi alilazwa hospitali kwa kichomi, akaanza kudungwa sindano. Filemon mwenyewe akashuka bondeni na kopo la dawa ya kutia kwenye maji, akaingia kila nyumba, akawaeleza watu namna ya kuchemsha, akatukanwa na kuvumilia.

"Nilipaswa kuja jana," alimwambia Mwantumu alipopita Matangini wakati wa kurudi. "Niliona mawingu. Nikasema nitakuja kesho."

Hapo ndipo kungoja kulipoanza. Filemon alikuwa amemwambia ukweli: maji machafu hayaumizi siku hiyohiyo, huchukua muda, na wengine hayawaumizi kabisa. Mwantumu aliitafuna habari hiyo usiku na mchana. Asubuhi alisafisha nondo, akakinga maji kwenye bilauri, akayatazama hata asione anachokitazama. Mchana alimpelekea Abasi uji. Wakati wa kurudi alipita njia ya juu ya mashamba ya bondeni, akisikiliza. Akisikia mtoto analia, anasimama mpaka anyamaze. Asiposikia kitu, inakuwa vibaya zaidi. Akiosha mikono alirudia kuiosha.

Siku moja akiwa kwenye nondo alimwona Flavia anapita barabarani kwa haraka kuelekea mjini, mtoto mgongoni amefunikwa kanga. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinacheza huku na huku kama cha aliyelala. Dominika alikuwa nyuma yake na kikapu. Hawakugeuka.

Mwantumu aliacha reki ilipoangukia. Aliwafuata kwa mbali mpaka hospitali, akawaona wakiingia wodi ya watoto. Hakuthubutu kusogea. Alikwenda kwa Abasi, akakaa pembeni ya kitanda chake, na Abasi, ambaye homa ilikuwa imemwachia akili zake, akamwona.

"Nani?" akauliza.

"Mjukuu wa Dominika. Anaharisha, nadhani. Sijui. Sijaambiwa."

Abasi akamshika mkono.

Tangu siku hiyo alikuwa na wagonjwa wawili, mmoja aliyeruhusiwa kumwona na mwingine asiyeruhusiwa. Alimlisha Abasi, kisha akatoka akaketi kwenye nyasi upande wa pili wa ua, mahali alipoweza kuona dirisha la wodi ya watoto. Mtoto alikuwa amewekewa maji ya dawa kwenye mshipa. Kila muuguzi aliyetoka, Mwantumu alimsoma uso.

Katikati ya shaka hiyo, ofisi ya mji ikamtuma mzungu wake wa afya kuja kuuliza. Alisimama miguuni pa kitanda cha Abasi, Filemon akitafsiri.

"Anauliza lango lilifunguliwa na nani."

"Mimi," Abasi alisema.

"Si kweli," Mwantumu akasema. "Huyu alikuwa hajitambui. Nimefungua mimi."

"Mke wangu ana uchovu, Bwana. Ni mimi niliyemwagiza, na kazi ni yangu."

"Aliniagiza nini? Alikuwa anateremsha magunia ya stesheni kichwani mwake! Bwana Afya, mwambie: nilifungua mimi, kwa mtaimbo, bila ruhusa. Kama kuna kifungo, ni changu."

Filemon aliyatafsiri yote, na kwa jinsi yalivyochukua muda alionekana anaongeza na ya kwake. Mzungu aliuliza juu ya ukuta, akauliza kwa nini watu wa bondeni hawakuambiwa kabla. Mwantumu akajibu kwamba hapakuwa na kabla. Yule mtu akawatazama mmoja mmoja, akavaa kofia, akaenda kuuona ufa kwa macho yake. Aliporudi alisema hakuna atakayefungwa wala kufukuzwa, ila kuficha ugonjwa kusirudiwe. Filemon alikaripiwa, tena mbele za watu, akakubali. Abasi alipumua. Mwantumu hakuweza. Shtaka lake yeye lilikuwa kwenye ile wodi nyingine.

Siku ya pili yake Dominika alitoka nje kumwaga maji ya kunawia, akamkuta amekaa kwenye nyasi. Wakatazamana.

"Amekunywa uji," Dominika alisema. "Akaomba tena."

Mwantumu akafunika uso kwa kanga, akalia kwa namna ambayo hata siku ya ukuta hakulia. Dominika aliweka karai chini, akaketi, si karibu sana. Kisha akauliza, "Abasi naye je?"

Daktari aliulizwa ni nini kilichomwumiza mtoto. Alisema huenda ni maji, huenda ni kitu kingine. Masika yale wodi ilikuwa na watoto wengi wanaoharisha, hata wa mitaa ya juu yenye bomba. Bondeni hakuugua mwingine. Jibu hilo halikumpa Mwantumu usingizi, wala halikumnyima kabisa.

Kiangazi kilipoingia, tangi la pili likajengwa, na vibarua wakapita nyumba kwa nyumba mjini kukata mifereji ya mapaa iliyounganishwa kwa siri. Filemon alipigania bomba la kuchotea watu wa bondeni. Lilichukua misimu mingine kadhaa, lakini lilikuja. Abasi alirudi kazini kifua kimepungua, hawezi tena kuvuta reki bila kusimama, kwa hiyo nondo zikawa za Mwantumu, na hakuna aliyeuliza. Dominika alirejea kupita na kibuyu chake, kwanza akisimama nje, baadaye akiingia. Flavia hakupita.

Abasi alifariki kabla Tanganyika haijapata uhuru. Sophia alimtaka mama yake Arusha, akakataa, akapanga chumba Majengo, palepale Moshi. Huko watu walimwita Mwantumu wa Matangini, na wengi waliolitumia jina hilo hawakujua lilitoka wapi.

Ikawa siku moja, miaka mingi baadaye, kliniki, amekwenda kuonyesha macho, akakaa kwenye benchi karibu na mama mmoja aliyenenepa kidogo, mwenye mtoto mchanga. Kumbe ni Flavia. Wakasalimiana. Flavia alisema Kornel yuko shule ya misheni Kibosho, mrefu kuliko baba yake, mtundu. Kisha akamrekebisha mtoto nguo.

"Mama," akasema, "siku ile. Ulifungua kabla sijachota, au baada?"

Mwantumu alikuwa amelijibu swali hilo moyoni mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na kila mara jibu lilikuwa tofauti. "Sijui, mwanangu," alisema. "Mpaka leo sijui."

Flavia alitikisa kichwa taratibu. Mtoto alianza kulia. Alipapasa kapu lake bila kuona anachokitafuta, kisha akageuka.

"Nishikie kidogo, nitoe nepi," akasema, akamweka mtoto mapajani pa Mwantumu.